Michimani Mwandamizi: Cheo, Umri na Mpaka wa Ulinganifu katika Tafsiri ya Nathari ya Kirusi ya Baharini

Ikisiri

Makala hii inahakiki tatizo la kukihamishia Kiswahili cheo kimoja cha jeshi la majini la Urusi, starshiy michman, kinapojitokeza katika matini za kifasihi na za kumbukumbu. Cheo hicho, ambacho makala inapendekeza kiitwe michimani mwandamizi, kilianzishwa mwaka 1981, lakini neno lililomo ndani yake lilikwisha kuwapo katika lugha ya Kirusi kwa zaidi ya karne mbili na nusu, likimtaja mtu wa aina nyingine kabisa. Makala inadai kwamba katika nathari cheo ni uhusiano: ni nani asimame, nani apige saluti, nani amwite mwenzake kwa jina gani. Kwa hiyo mfasiri anayetafuta kisawe kimoja katika kamusi na kukitumia kila mahali huwabadilisha wahusika bila kukusudia. Mifano imechotwa katika Gogol, Chekhov na Novikov-Priboy, na katika historia ya maneno ya vyeo ya Kiswahili chenyewe: serahangi, jemadari na afande.

1.0 Utangulizi

Katika tamthiliya ya Gogol iitwayo Zhenitba (1842), Zhevakin, mwanamaji mstaafu aliyekuja kuposa, anamkumbuka michman mmoja wa kikosi chake cha zamani aliyeitwa Petukhov. Huyo alikuwa mwepesi wa kucheka kiasi kwamba ukimwonyesha kidole kimoja tu alicheka hadi jioni. Yuko pia michman mwingine ambaye jina lake la ukoo ni Dyrka, yaani tundu, na wenzake hawakuchoka kulifanyia mzaha jina hilo. Hayo ndiyo karibu yote ambayo mtazamaji anaambiwa kuwahusu, na yanatosha. Michman wa Gogol ni kijana. Ana ndevu chache na mishahara michache, na bado hajapata jambo la kumnyamazisha.

Mwaka 1981 Umoja wa Kisovieti uliongeza juu ya cheo cha michman cheo kingine, starshiy michman. Anayekivaa ni mtu wa miaka thelathini na kitu au arobaini na kitu. Ni fundi wa turbini, mtunza bohari, mpishi mkuu, au serahangi wa nyambizi ambaye mikono yake ndiyo inayoshika usukani wa kina wakati chombo kinapozama na kuibuka. Luteni aliyetoka chuoni mwaka jana ana mamlaka juu yake kisheria, lakini luteni mwenye akili humwuliza kabla ya kutoa amri. Hakuna anayemwonyesha kidole.

Neno ni lilelile. Swali la makala hii ni dogo kwa umbo na kubwa kwa matokeo: mfasiri wa Kiswahili anayekutana na michman katika ukurasa wa kwanza wa riwaya atajuaje ni yupi kati ya hawa wawili, na akishajua, atamwandikaje?

Msomaji wa Kiswahili si mgeni katika fasihi ya Kirusi. Revizor ya Gogol inasomwa kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba za uchapishaji za Moscow, hasa Progress na baadaye Raduga, zilitoa vitabu kwa Kiswahili. Anayeijua Mkaguzi anakumbuka kwamba mchezo mzima umesimama juu ya kosa la cheo: karani wa daraja la mwisho anadhaniwa kuwa mkubwa kutoka mji mkuu. Katika fasihi ya Kirusi ya karne ya 19 cheo mara nyingi ndicho kiini cha fabula, kama ilivyo mahari katika hadithi nyingi za pwani. Mfasiri anayekiona kama pambo la jina ameanza vibaya.

2.0 Neno Lililohama Mwili

Michman ni mkopo. Limetoka katika Kiingereza, midshipman, na liliingia katika jeshi la majini la Urusi mwaka 1716, enzi ya Peter Mkuu, aliyekopa kwa Waholanzi na Waingereza meli, mafundi na maneno kwa pamoja. Mwanzoni halikuwa cheo cha afisa. Kufikia miaka ya 1730 likawa, na isipokuwa kwa kipindi kifupi katikati ya karne hiyo, likabaki hivyo hadi mapinduzi ya 1917 yalipovifuta vyeo vyote. Katika kipindi hicho kirefu michman alikuwa ngazi ya kwanza ya uafisa wa baharini, mara nyingi mwana wa ukoo wa kibwana, aliyeitwa na mabaharia kwa lakabu ya heshima ya watu wa daraja lake: vashe blagorodie, ambayo kwa Kiswahili ingekaribia "bwana mtukufu".

Lilirudishwa mwishoni mwa mwaka 1940, lakini halikurudi mahali pake. Sasa lilikuwa jina la cheo cha juu kabisa cha manahodha wadogo wa sitaha, yaani wale waliopanda kutoka ubaharia na wasioingia uafisa. Kuanzia 1972 michman pamoja na mwenzake wa nchi kavu, praporshchik, walitengwa kuwa tabaka la peke yao, katikati ya maafisa na askari wa kawaida. Miaka tisa baadaye akaongezwa starshiy michman, na ngazi ikawa na vipandio viwili. Mwaka 2009, katika mageuzi ya waziri wa ulinzi Anatoly Serdyukov, tabaka zima liliondolewa kama lisilohitajika. Mwaka 2013, chini ya Sergei Shoigu, likarudishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba mitambo ya meli haiendeshwi kwa amri peke yake.

Kwa mhakiki, jambo la kuzingatiwa katika historia hii ni kwamba neno na mtu havikurithishana. Neno lilitoka kwa kijana wa kibwana. Mtu, yaani ile nafasi ya katikati pamoja na ufundi wake na upweke wake, alitoka kwingine. Katika jeshi la majini la tsari nafasi hiyo ilishikwa na konduktor: baharia mkongwe aliyepanda hadi mwisho wa ngazi ya watu wa chini, serahangi au fundi mwandamizi, mwenye chumba chake cha kulia mbali na maafisa na mbali pia na mabaharia. Konduktor alitoweka mwaka 1917 na hakurudi kwa jina. Alirudi kwa jina la kijana aliyekuwa akimpigia saluti. Meli kubwa za Kisovieti zilikuwa na chumba cha kulia cha michman, na yeyote anayesoma habari za chumba hicho baada ya kusoma habari za chumba cha konduktor anaona ni meza ileile.

Hapa mfasiri wa Kiswahili ana mtego ambao wenzake wa lugha nyingine hawana. Akimkopa konduktor kwa kanuni za kawaida za utohozi atapata "kondakta", na msomaji wake atamwona papo hapo mtu aliyening'inia mlangoni mwa daladala akidai nauli. Hakuna maelezo ya pembeni yatakayoiondoa picha hiyo. Ni mfano mzuri wa mkopo ulio sahihi kifonolojia na usiotumika kabisa.

3.0 Michman Anayetazamwa kutoka Chini

Kati ya matini ambazo mfasiri wa nathari ya baharini hawezi kuzikwepa, Tsushima ya Aleksei Novikov-Priboy ndiyo inayotoa mtihani mkali zaidi. Mwandishi alikuwa mtunza vyakula katika manowari Oryol, mtu wa daraja la chini aliyejisomea mwenyewe, akanusurika mapigano ya Mei 1905 na kuchukuliwa mateka na Wajapani. Riwaya yake ya miaka ya 1930, iliyopata Tuzo ya Stalin mwaka 1941, inasimulia safari ya kikosi cha admirali Rozhestvensky kutoka Baltiki hadi maangamizi. Sehemu ya safari hiyo ilipita jirani na wasomaji wa makala hii: mwanzoni mwa 1905 kikosi kilikaa kwa majuma mengi Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Bukini, kikisubiri amri katika joto ambalo mabaharia wa kaskazini hawakulijua.

Umuhimu wa Tsushima kwa mjadala huu ni pembe ya utazamaji. Kwa kawaida michman wa fasihi ya karne ya 19 anasimuliwa na wenzake. Stanyukovich, mwana wa admirali, aliwajua vijana hao tangu chuoni na mara nyingi anawaandika kwa upole wa mtu anayekumbuka ujana wake. Novikov-Priboy anawatazama kutoka chini ya sitaha. Michman kwake ni sauti inayotoka juu. Anaweza kuwa mwema na anaweza kuwa mkatili, lakini kwa vyovyote ni mdogo kwa umri kuliko wengi anaowaamuru, na mtu mwenye mvi anapaswa kusimama wima mbele yake. Kinachouma si amri bali umri.

Mfasiri atakayemwandika michman huyu "afisa mteule" atakuwa ameuondoa uchungu wote. Katika majeshi ya Afrika Mashariki afisa mteule ni mtu mzima, aliyepanda hatua kwa hatua kutoka koplo na sajini. Msomaji wa Tanzania anayemjua afisa mteule daraja la kwanza ataona ni jambo la kawaida kabisa kwamba askari wanasimama mbele yake. Ataona jirani yake mstaafu mwenye bustani ya michikichi. "Luteni usu" ingefaa zaidi hapa, kwa sababu inabeba ujana na uafisa kwa pamoja, ingawa inamtoa mhusika majini na kumweka kwenye gwaride la nchi kavu.

Sasa tuchukulie, kwa ajili ya hoja, kwamba mfasiri huyohuyo anapewa hadithi ya nyambizi ya miaka ya 1980, labda moja ya zile za Aleksandr Pokrovsky, ambaye alitumikia nyambizi kabla ya kuwa mwandishi na ambaye kicheko chake hakimwachi mtu wa cheo chochote. Akiendelea na "luteni usu" kwa sababu ya uthabiti wa istilahi, amemfanya fundi wa miaka arobaini kuwa mvulana. Uthabiti wa istilahi, unaosifiwa sana katika miongozo ya tafsiri, ni fadhila ya matini za kisheria na za kitaalamu. Katika nathari unaweza kuwa uvivu uliovaa sare.

Njia ya kupitia Kiingereza, ambayo wafasiri wengi wa Kiswahili wameifuata kwa kukosa njia nyingine, haimsaidii mtu hapa. Kiingereza kinampa neno asili, ambalo katika jeshi la majini la Uingereza humtaja kijana aliye bado mafunzoni. Michman wa Tsushima hakuwa mafunzoni. Alikwisha hitimu, alikuwa na zamu yake na mizinga yake, na alizama nayo.

4.0 Mkuu, Mkubwa au Mwandamizi

Sehemu ya pili ya tatizo ni kivumishi. Starshiy kwa asili ni hali ya ulinganishi ya kivumishi chenye maana ya "-zee". Starshiy brat ni kaka mkubwa. Neno hilo linapotumika katika vyeo vya kijeshi, starshiy matros, starshiy leytenant, starshiy michman, linahifadhi mwangwi wa undugu na umri, wala halisemi lolote kuhusu kuamuru. Starshiy michman hamwamuru michman kwa sababu tu ya cheo. Humwamuru ikiwa wadhifa wake unamruhusu.

Kiswahili kinatoa maneno matatu, na kila moja lina dosari yake. "Mkubwa" lina undugu wote wa starshiy, lakini "michimani mkubwa" ni michimani mnene. "Mkuu" linasikika vizuri masikioni na ndilo ambalo wengi wangelichagua. Kasoro yake ni kwamba linaamuru. Mwalimu mkuu ana walimu chini yake, na mhariri mkuu ana wahariri. "Michimani mkuu" angekuwa mmoja tu kwa kila meli, ilhali michimani wa cheo hiki katika nyambizi moja wanaweza kuwa wengi, kila mmoja na mitambo yake.

"Mwandamizi" limezoeleka katika ofisi na vyuo, na lina kejeli ambayo mfasiri anapaswa kuifurahia. Limetokana na kuandama, kufuata. Kamusi za zamani zinampa mwandamizi maana ya mfuasi au mrithi, na maana ya mtu aliyetangulia kwa uzoefu ni ya baadaye. Kwa hiyo neno lenyewe limegeuka, kutoka anayekuja nyuma hadi aliye mbele, karibu kama michman alivyogeuka. Makala hii inalipendelea hilo, kwa sababu linasema uzoefu bila kusema amri.

Nyuma ya uteuzi huu kuna suala pana zaidi. Kirusi kinatenganisha kikamilifu zvanie, yaani cheo anachokibeba mtu begani popote aendapo, na dolzhnost, kazi anayoishika kwa sasa. Serahangi ni dolzhnost. Michman mwandamizi ni zvanie. Kiswahili cha kila siku kinayaweka yote mawili ndani ya "cheo": mtu amepewa cheo cha ukurugenzi, mtu amepanda cheo kuwa kapteni. Wanaisimu wanaweza kupendekeza "wadhifa" kwa la pili, na pendekezo hilo ni zuri, lakini mazungumzo ya wahusika hayafuati mapendekezo. Si ajabu kwamba cheo, kwa maana yake ya zamani zaidi, ni kipimo, ukubwa wa kitu. Mtu hupimwa mara moja tu. Chekhov katika Svadba alikuwa na mkanganyiko wa jamii hiyo kiganjani: familia ya bibi harusi inataka jenerali mezani, wakala anachukua rubli ishirini na tano na kuziweka mfukoni mwake, kisha analeta mwanamaji mstaafu wa cheo cha kapteni wa daraja la pili. Mzee huyo, asiyejua kwamba amenunuliwa, anawachosha wageni kwa amri za matanga ambazo hakuna anayezielewa ila baharia mmoja aliyealikwa. Watazamaji wa Urusi walicheka kwa sababu walijua vipimo vyote viwili, cha nchi kavu na cha bahari. Watazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa hawatacheka mpaka mfasiri awape vipimo hivyo kwa njia nyingine, labda kwa kinywa cha mama wa bibi harusi.

5.0 Ushahidi wa Kiswahili Chenyewe

Inasemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina historia ya maneno ya vyeo vya baharini na kwa hiyo kinapaswa kukopa. Nusu ya kwanza ya dai hilo si kweli. Lugha iliyomwita mkuu wa chombo nahodha na msimamizi wa mabaharia serahangi imekwisha fanya kazi hii zamani, tena kwa vyombo vilivyokuwa vikienda Muskati na Malabari.

Serahangi linastahili kuangaliwa kwa utulivu. Asili yake ni Kiajemi, sarhang, kamanda wa jeshi, na katika Iran ya leo ndilo jina la kanali. Liliposafiri juu ya majahazi ya Bahari ya Hindi lilishuka kutoka farasi hadi sitaha, likawa jina la mtu wa kamba na tanga. Jemadari lilikwenda kinyume chake. Katika jeshi la Kihindi la Waingereza jemadar alikuwa wa mwisho kati ya maafisa wenyeji, wakati katika Kiswahili jemadari ni mkuu wa vita, mtu wa kuandikiwa tenzi. Maneno mawili kutoka bahari moja. Moja limepoteza farasi, jingine limempata. Baada ya hayo, safari ya michman kutoka ubwana hadi ufundi haipaswi kumshangaza msomaji wa Kiswahili hata kidogo. Ni jambo la ukoo.

Lakini aliye karibu zaidi na starshiy michman ni afande. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliweka katika jeshi la Keya cheo cha effendi, juu ya sajini na chini ya afisa mzungu. Kilikuwa mwisho wa ngazi kwa Mwafrika. Idi Amin alikifikia mwaka 1959. Effendi alikuwa mtu mzima, mjuzi, aliyeaminiwa na pande zote mbili na kukaribishwa kikamilifu na upande wowote ule usiokuwapo. Uhuru ulipokuja cheo kilikufa, lakini neno halikufa: likawa wito. Leo kuruta humwita "afande" koplo, na koplo humwita hivyo meja, na raia aliyesimamishwa barabarani humwita hivyo yeyote mwenye sare.

Kuna kishawishi cha kumtumia afande kama kisawe, na ni kishawishi cha heshima. Makala hii haikubaliani nacho kwa sababu moja: neno limeenea mno. Kumwita mhusika mmoja tu "afande" katika riwaya ya Kiswahili kungehitaji msomaji asahau matumizi yake yote ya kila siku. Afande abaki pale anapofanya kazi vizuri, kwenye mazungumzo.

6.0 Umbo la Mkopo na Sauti za Sitaha

Kama visawe vyote vinapwaya, unabaki mkopo. Umbo linalopendekezwa ni michimani, kwa kuwa mfuatano wa konsonanti chm haukubaliki katika silabi za Kiswahili na irabu i ndiyo inayoingizwa kwa urahisi zaidi baada ya ch. Mkazo unahama kutoka silabi ya kwanza kwenda ya mwisho kasoro moja, na hilo halina madhara. Wapo watakaosema kwamba -ni ya mwisho itasikika kama kiambishi cha mahali. Si hatari kubwa: hakuna asikiaye mahali katika rubani wala sultani, mradi upatanisho uwe wa viumbe hai, michimani huyu, michimani wawili.

Wingi ndiko kunakovutia. Kirusi sanifu kinasema míchmany. Mabaharia husema michmaná, kwa mkazo wa mwisho, na mtu wa bara anayesema kwa njia ya kitabu hujulikana mara moja. Riwaya za Kirusi huitumia tofauti hiyo: msimulizi kwa umbo moja, wahusika kwa jingine. Kiswahili kina chombo chake cha kufanya jambo hilohilo bila kutoka jasho. Msimulizi aseme "michimani wawili walikuja". Wahusika waseme "mamichimani wamekuja". Kiambishi ma- juu ya majina ya watu wa kazi, kama mabosi, maafande na mameneja, kinabeba wingi pamoja na mnong'ono mdogo wa nyuma ya mgongo. Hicho ndicho kinachotakiwa.

Kuhusu wito, starshiy michman wa Kisovieti aliitwa tovarishch starshiy michman, na "ndugu michimani mwandamizi" itamfikia bila shida msomaji aliyekulia Tanzania ya ujamaa, ambako "ndugu" ilitangulia majina ya wakubwa na wadogo. Kwa msomaji wa Kenya itasikika kama ya Tanzania, na labda si hasara: wito wa Kirusi nao una rangi ya siasa ya enzi yake.

Nyuma ya mgongo, hata hivyo, mabaharia wa Kisovieti walimwita michman kwa neno jingine: sunduk. Maana yake ni sanduku, na kwa hakika ni sanduku lilelile la Kiswahili. Maneno yote mawili yanarudi kwenye Kiarabu, moja kwa kupitia Waturuki na nyika, jingine kwa kupitia pwani. Dhihaka ni ya bohari: michman ndiye mwenye funguo, anaficha, hatoi. Ni nadra mfasiri kupewa neno lenye asili moja, sauti inayofanana na maana ileile, akaambiwa achukue bure. Lakini hata hapa ajihadhari. "Yule sanduku" katika Kiswahili haisemi uchoyo, inasema uzito wa akili, na kivuli cha sanduku la maiti hakiko mbali. Pengine "mzee wa makufuli" ingeleta kicheko kilicho sahihi, na zawadi ya etimolojia ikaachwa mezani.

7.0 Safu ya Pili ya Orodha

Yapo matini ambamo hakuna kicheko cha kuokolewa. Tarehe 12 Agosti 2000 nyambizi Kursk ilizama katika Bahari ya Barents na watu wake wote 118 wakafa. Ishirini na watatu kati yao walibaki hai kwa saa kadhaa baada ya milipuko, wakakusanyika katika chumba cha tisa, nyuma kabisa. Mmoja wa maafisa wao, kapteni-luteni Dmitry Kolesnikov, aliandika gizani karatasi iliyopatikana baadaye mwilini mwake. Sehemu yake ni orodha ya mahudhurio: namba za vituo vya kazi na majina ya ukoo, na alama za kuitwa.

Vyeo havimo. Waliokuwamo ni mabaharia vijana, maafisa, michimani na michimani waandamizi, na wote wameandikwa kwa namna moja. Hakuna matini nyingine ya bahari ya Kirusi ambamo cheo kimeondolewa hivyo, na haikuwa kwa kusudi la kifasihi. Mwandishi alihitaji kujua nani yuko hai, si nani ampigie nani saluti.

Orodha rasmi za marehemu zilizochapishwa baadaye zikarudisha safu ya pili: cheo, kisha kazi. Humo mwenye cheo cha starshiy michman anatajwa kama fundi, kama kiongozi wa kikundi cha mitambo, kama mpishi. Mtu anayezifasiri kwa Kiswahili hana msimulizi wa kumsaidia wala mazungumzo ya kurekebisha kosa. Ana neno moja tu kando ya kila jina. Akiandika "luteni usu", amewafanya wale mafundi kuwa vijana waliotoka chuoni majuzi. Akiandika "afisa mteule", umri umerudi, nyambizi imetoweka. Akiandika "michimani mwandamizi", msomaji atasimama kidogo kwenye neno asilolijua, atasoma wadhifa ulioandikwa kando yake, "fundi, chumba cha saba", kisha ataendelea na jina linalofuata.